Icyansi na Bidon

Walikale-centre, tarehe 12 Novemba 2023

Shangazi Mukasine mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku msituni, mahali ambapo mvua haipiti bali inahamia na vyombo vyake. Mimi ni mzima, kikohozi kimepungua. Mama Dorothée anayenipangisha chumba anakusalimu. Anasema aliyenilea alinifundisha kusugua sufuria, basi sifa hiyo ni yako. Wewe je? Goti linasemaje? Na ng'ombe? Hapa maziwa ni ya unga, ya kopo, na kila nikiyanywa naona haya mbele ya ukoo mzima.

Naandika kwa karatasi kwa kuwa uliniagiza nisitume neno kwenye simu. Hakorimana, yule motard wa kanisani kwenu, mwenye pikipiki, amekubali kubeba. Anasema kwenye vizuizi simu zinafunguliwa na kusomwa, lakini barua ya mwanafunzi kwa shangazi yake hakuna mwenye subira nayo.

Sasa neno lenyewe. Nimechoka, Shangazi. Unajua mwaka jana sikumaliza kwa sababu sikupata mada ya kazi ya mwisho. Mwaka huu nimepeleka mada tatu kwa mwalimu anayenisimamia, Chef de travaux Akilimali, na zote amezirudisha. Ya kwanza ilikuwa athari za vita katika ufugaji wa Masisi. Ya pili, maziwa na maendeleo ya familia. Ya tatu siitaji, inanitia aibu. Aliponirudishia hiyo ya mwisho alinikalisha kitini.

"Uwamwezi, hii sujet iko mukubwa kama territoire muzima," alisema. "Niambie: ni kitu gani ukiona utasema 'hapa nilikosea'? Kama haiko, basi hii haiko question. Iko mahubiri."

Nilitoka na karatasi zangu. Anataka swali dogo, la mtu mmoja kuweza kulipima, na lenye uwezo wa kumkatalia anayeliuliza. Nisipolileta kabla ya mwisho wa Januari wananiondoa kwenye orodha, na mtu akiondolewa mara ya pili harudi. Miaka yangu yote ya masomo itakuwa imekwenda na maji. Usiku na mchana nawaza maswali, na kila ninaloliwaza ni kubwa kuliko mimi.

Sikuombi kitu. Nimekuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumlalamikia.

Mwanao,
Uwamwezi


Kirolirwe, tarehe 3 Desemba 2023

Uwamwezi wangu,

Barua yako imefika na pembe moja imelowa, lakini imesomeka. Hakorimana alikwama Masisi akingoja njia itulie, ndiyo maana najibu sasa. Goti ni goti. Ng'ombe wapo, wanakula, na wewe umelelewa nyumba hii, unajua kwamba zaidi ya hapo hatuulizani. Nyasi za mlimani zimeota vizuri mwaka huu. Kanisa limejaa wageni wanaolala kwenye mabenchi, na mchungaji anahubiri kwa sauti ya chini ili asiamshe watoto.

Mada yako ya kwanza nimeicheka, nisamehe. Athari za vita kwa ng'ombe! Hilo hata ndama angelijibu, na bila kwenda chuo. Lakini sina swali lingine la kukupa. Wanasema kuuliza si ujinga. Mimi nilikuzwa na watu walioona kwamba kuuliza sana ni ujeuri, na nikaolewa kwa watu waliozidi hao.

Habari zangu ni za kuchosha. Juzi nimetuma maziwa kwenye laiterie, kile kiwanda cha maziwa, kwa pikipiki, yakarudi. Mpimaji alichemsha kijiko kimoja tu, yakakatika mbele yake, akasema hayafai kwa jibini. Si mara ya kwanza mwezi huu. Marehemu mama mkwe wangu angesema ni adhabu ya plastiki. Yeye hakukubali maziwa yaingie chombo kingine isipokuwa icyansi, kile chombo cha mti unachokijua, tena kiwe kimefukizwa moshi wa nyasi kavu asubuhi hiyo hiyo. Alidai moshi unayalinda. Mimi nilidhani anapenda tu kunitoa jasho. Sasa laiterie haitaki icyansi, inataka bidon, dumu la plastiki, na bidon ndiyo inayorudi. Tumekunywa maziwa ya mgando juma zima mpaka tumbo limeomba msamaha.

Usikate tamaa. Mwenyezi Mungu hakukupa kichwa hicho kikubwa kwa ajili ya kubebea kuni peke yake.

Utakuja Noeli? Nimekuwekea jibini moja, nzima.

Shangazi yako,
Mukasine


Walikale-centre, tarehe 28 Desemba 2023

Shangazi mpendwa,

Noeli njema iliyopita na mwaka mwema unaokuja. Huku tuliimba mpaka sauti zikakauka, halafu tukala wali na samaki wa moshi. Jibini hiyo mpe mtu mwenye njaa karibu. Mama Dorothée amepata mjukuu, wa kike, na nyumba haina tena saa ya kulala.

Soma polepole hapa, kwa sababu nadhani nimepata. Ulikuwa unalalamika tu, nami nilisoma malalamiko yako mara mbili, kisha nikaamka na kuandika sentensi hii: Je, maziwa yaliyowekwa katika icyansi kilichofukizwa moshi hukawia kukatika kuliko maziwa ya ng'ombe yule yule, ya asubuhi ile ile, yaliyowekwa katika bidon isiyofukizwa?

Mwalimu Akilimali aliisoma akiwa amesimama. Akaniuliza, na kama moshi hausaidii kitu? Nikamwambia, basi mama mkwe wa shangazi yangu alikosea maisha yake yote. Akatoa kalamu.

"Njo hii sasa," alisema, akatia sahihi.

Shangazi, sijui kama nilikuwa na furaha ama nilikuwa nimechoka tu kuogopa. Lakini bado kuna kazi, na kazi yenyewe inahitaji ng'ombe, ambao huku hawapo. Masomo hayaniruhusu kuja. Je, unaweza kunifanyia? Unagawa maziwa ya asubuhi, nusu icyansi, nusu bidon, unaviweka mahali pamoja kwenye kivuli. Kisha kila baada ya muda unachota kijiko cha kila upande na kuchemsha, kama yule mpimaji. Yakikatika, andika saa. Lita moja moja kila upande zinatosha. Rudia asubuhi nyingi kadiri utakavyoweza.

Nina ombi jingine, na najua ni baya. Kwenye sura ya mbinu natakiwa kuandika ni ng'ombe wangapi wanaokamuliwa. Najua hatuhesabu. Andika kwenye kipande kidogo cha karatasi, nikishanakili nitakichoma.

Mwanao,
Uwamwezi


Muheto, tarehe 19 Februari 2024

Uwamwezi wangu,

Usishangae jina la mahali. Niko kwa Hélène, binti wa mjomba wangu, kwa muda. Mgongo unamsumbua na shamba linahitaji mikono. Anakusalimu, anasema ukonde kidogo tu, usizidishe. Huku ni watu wa mahindi na maharage. Ng'ombe ni wa kutafuta. Ninalala chumba kimoja na magunia ya mbegu na panya wanaoyalinda. Kikohozi chako nadhani kimehamia kwangu, lakini si kitu.

Jaribio nimelifanya. Icyansi nilikuja nacho. Kila asubuhi nagawa, naviweka vyote viwili chini ya dirisha upande wa kivuli, halafu naanza na kijiko changu. Hélène anasema nimerudi utotoni, napika chakula cha wanasesere. Vipimo ni vidogo kuliko ulivyotaka. Usiniulize sana, kijiko ni kijiko.

Jibu ni hili: hakuna tofauti. Yanakatika pamoja, siku moja haya yakitangulia kidogo, siku nyingine yale. Saa zote nimeziandika nyuma ya karatasi hii. Basi mama mkwe alinichosha bure na moshi wake, na leo hayupo nimwambie. Nilidhani ningefurahi kumshinda. Sikufurahi.

Kama jibu hili linakuharibia, nisamehe. Lilikataa, na mimi sikuona njia ya kulibembeleza.

Pasaka utakuja?

Shangazi yako,
Mukasine


Walikale-centre, tarehe 10 Machi 2024

Shangazi mpendwa,

Natumaini goti na kikohozi havijafanya urafiki. Mimi niko, nala, nasoma. Mjukuu wa Mama Dorothée ameota jino na analitumia.

Barua yako ilinivunja nguvu, sitakuficha. Nilikuwa nimekwisha andika utangulizi mrefu wa kuusifu moshi. Nilimpelekea Mwalimu Akilimali saa zako nikiwa nimeinamisha kichwa. Hakucheka. Alisema ni kitu cha kwanza cha kweli nilichomletea, na kwamba jibu la hapana ni jibu kamili. Ila kabla hajaliamini anataka kujua kila chombo kilitayarishwaje, hatua kwa hatua, hata zile zinazoonekana za kijinga. Nieleze basi: icyansi ulikifanya nini? Na bidon uliiosha vipi?

Na mimi nina maswali yangu. Wewe ukiwa Muheto, nani anakamua Kirolirwe? Maziwa yanafikaje huko yakiwa bado ya asubuhi? Na mtu anayekwenda kumsaidia ndugu kulima anabeba icyansi cha nini? Redio imetaja Kirolirwe, lakini redio hutaja mengi. Ni ng'ombe wangapi, Shangazi? Kitabu kinauliza.

Mwanao,
Uwamwezi


Muheto, tarehe 2 Aprili 2024

Uwamwezi wangu,

Pasaka tumeila kwa maharage mapya na Hélène aliimba mstari wa wanaume, kwa kuwa wanaume wengi hawakuwepo. Mvua ni nzuri. Mgongo wake unaendelea vizuri kuliko anavyokubali.

Mwambie mwalimu wako asiwe na shaka na usafi wangu. Icyansi nilikisugua, nikakianika, nikawasha nyasi kavu na kukifunika juu ya moshi mpaka kikanukia, kama nilivyofundishwa. Bidon niliiosha kwa majivu na maji ya moto, nikaianika juani, kisha nayo nikaifukiza. Hélène alinisaidia kuushika mdomo wake juu ya moshi, na karibu tuiyeyushe. Uliandika bidon isiyofukizwa, nilisoma vizuri, macho bado ninayo. Lakini nilisema huyu mtoto amesahau adabu za nyumbani. Maziwa yatakayosomwa na maprofesa, niyatie kwenye plastiki inayonuka? Watu watasema Uwamwezi alilelewa na nani? Chombo cha maziwa hakiachwi hivi hivi, hata kikiwa kimetoka kiwandani.

Maswali yako mengine nitayajibu siku nyingine, karatasi imeisha.

Shangazi yako,
Mukasine


Walikale-centre, tarehe 21 Aprili 2024

Shangazi mpendwa,

Nilicheka mpaka Mama Dorothée akaja mlangoni kuuliza kama nimepata habari njema. Nikamwambia ndiyo. Halafu nikaanza kulia, akachanganyikiwa, akaniletea chai.

Umevifukiza vyote viwili, Shangazi. Ndiyo maana vilikwenda sawa. Hukulinganisha icyansi na bidon, ulilinganisha moshi na moshi! Mwalimu Akilimali naye alitabasamu, na mtu huyo hatabasamu. Amesema kosa hilo asingelipata kwa mwanafunzi wa mjini, kwa kuwa mwanafunzi wa mjini angeiacha bidon chafu bila hata kuombwa.

Basi nakuomba jambo gumu. Fanya tena, lakini bidon ioshwe kama wanavyoiosha wale wanaopeleka laiterie: maji baridi, kutikisa, kumwaga, basi. Moshi usiione. Najua ninakuomba ufanye aibu kwa makusudi, tena nyumbani kwa watu. Wanaokaa kwenye jury, wale watakaoipima kazi yangu, wanakutana mwanzo wa Julai. Nikipata saa zako kabla ya katikati ya Juni nitakuwa nimepona. Nisipozipata, sina kitabu.

Karatasi yako ilikuwa na nafasi kubwa chini, Shangazi.

Mwanao,
Uwamwezi


Muheto, tarehe 26 Mei 2024

Uwamwezi wangu,

Salamu za hapa wote. Mwandiko ukiyumba ni kosa la meza.

Nimetenda dhambi kila asubuhi kama ulivyoagiza. Hélène aliniomba niihamishie bidon nyuma ya nyumba ili wageni wasituone watu wa ovyo, nikakataa, kwa sababu uliandika mahali pamoja. Wageni wameona. Mmoja ameniombea.

Bidon yako inakatika kabla jua halijafika katikati. Icyansi kinashinda, kinafika jioni, mara nyingine kinaipita. Asubuhi moja tu ilikuwa kinyume, bidon ikadumu na icyansi kikaanguka mapema. Nilitaka sana kuificha hiyo, kwa heshima ya marehemu. Nikakaa nayo siku nzima. Mwishoni nimeiandika pamoja na nyingine, na nimeipigia mstari ili usiseme hukuiona.

Kwa hiyo mama mkwe alisema kweli, isipokuwa siku moja. Ingemchukiza sana hiyo siku moja.

Utakuja mwezi wa saba, ukishamaliza?

Shangazi yako,
Mukasine


Walikale-centre, tarehe 16 Juni 2024

Shangazi,

Nimezungumza na Hakorimana. Alidhani ninajua. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, usije ukamkana:

"Dada, ile maziwa jirani analetaka juu ya mwili ya Mama Mukasine ipate nguvu, sababu anakohoa na anakonda. Kikombe moja tu. Yeye hainywake. Anaigawanya mu icyansi na mu bidon, anaiangalia mpaka ikatike."

Amenieleza na habari za zizi. Simamisha jaribio leo hii. Kunywa maziwa, yote, yakiwa bado ya moto kutoka kwa ng'ombe. Nitaandika nikiweza.

Uwamwezi


Walikale-centre, tarehe 8 Julai 2024

Shangazi mpendwa,

Umenyamaza, na Hakorimana anasema uliisoma barua yangu ukaiweka chini ya mto. Hajui zaidi. Nakusalimu hata hivyo, na Hélène, na jirani yule mwenye ng'ombe, ambaye hata jina lake sikuwahi kuambiwa.

Nimetetea kazi yangu Ijumaa. Ukumbi ulikuwa na joto na umeme ulikatika, basi nikasoma karibu na dirisha. Mwanzoni nilikuwa nimefikiria kuandika kwamba maziwa yalitoka kwenye "zizi la familia". Sentensi hiyo ilikuwa nzuri na ingepita. Nilishindwa kuiacha hapo. Niliandika kwamba ng'ombe wa familia walichukuliwa kabla ya jaribio kuanza, na kwamba maziwa yote yalitoka kwenye kikombe kimoja cha kila siku, cha ng'ombe mmoja wa jirani.

Mjumbe mmoja wa jury, mtu mzima mwenye miwani, aliuliza kwa nini asubuhi zangu ni chache, na kwa nini nilisimamisha katikati wakati matokeo yalikuwa mazuri. Nikamjibu, "Kwa sababu yalikuwa maziwa ya mgonjwa, Papa. Nilipojua nikasimamisha." Aliandika kitu, akafuta, hakuuliza tena. Wamenipa distinction, alama ya juu. Mwalimu Akilimali alinipa mkono na kusema swali langu bado ni changa, asubuhi chache kama hizo haziwezi kusema neno la mwisho, na nilifanya vizuri kutolisema.

Nimemaliza, Shangazi. Nilidhani siku hii ningeruka. Nililala tu mpaka mchana.

Umeniuliza katika barua zako nitakuja lini, na kila mara nimekujibu kwa habari za meno ya mtoto. Si masomo. Ninaogopa. Ninaiogopa njia, na zaidi ninaogopa kufika na kuona zizi tupu. Kuna shule ya sekondari hapa inayotaka mwalimu wa biolojia kuanzia Septemba, nimekubali. Ukiniona mtoto mbaya, sema.

Ila kwa nini hukuniambia? Kwa nini uliniacha niombe lita, na wewe unapewa kikombe? Nina hasira na wewe, na hasira yenyewe inanichosha, kwa sababu nikiifuata hadi mwisho nakuta ni mimi niliyeomba.

Mwanao,
Uwamwezi


Muheto, tarehe 30 Julai 2024

Uwamwezi wangu, mwenye distinction,

Goti liko. Kikohozi kimepungua, kwa kuwa nakunywa maziwa, yote, nikisimamiwa na Hélène kama askari. Jirani mwenye ng'ombe anaitwa Mama Kamaliza, na sasa anajua kwamba maziwa yake yamesomwa Walikale mbele ya wenye miwani. Amemwambia kila mtu sokoni. Habari ya kufaulu kwako mchungaji aliitangaza, na Hélène amechinja kuku aliyekuwa ameapa kutomchinja.

Sasa nakujibu, na karatasi ni ndefu.

Walichukuliwa Januari, wote, asubuhi, nikiwa nimekwisha kukamua. Wenye bunduki walikuwa na haraka na hawakusema mengi. Hatuhesabu ng'ombe na sitaanza leo, lakini majina nitakutajia: Bihogo, Gaju, Isine na ndama wake, Mugongo Mweupe aliyekuwa akikufuata shuleni, na wengine uliokuwa hujawajua. Mimi nilitoka na icyansi kwa sababu ndicho kilichokuwa mkononi. Sikukuandikia, kwa kuwa nilijiambia, mtoto huyu akijua ng'ombe hawapo atakuwa hana cha kurudia. Nilikuwa nikikuita kwa zizi ambalo halipo. Basi usije. Njia si nzuri, na mimi nitakaa hapa mpaka Hélène anichoke. Fundisha watoto wa watu biolojia. Hasira zako nimezipokea, zipumzishe.

Lakini usinifanye mtakatifu kwa ajili ya kikombe. Nimekusikia, unalia huko, unadhani shangazi alijinyima kwa ajili yako. Kidogo, ndiyo. Ila nikuambie ukweli. Mtu aliyeamka kukamua tangu utotoni, akiondolewa ng'ombe, bado anaamka saa ile ile. Anakaa kitandani hana pa kupeleka mikono. Wiki za kwanza hapa Muheto nilikuwa nikikaa hivyo nikisikiliza panya, mpaka barua yako ya Desemba iliponikuta. Tangu hapo niliamka nikiwa na kitu cha kukingoja. Je, leo ni icyansi ama ni bidon? Nilikuwa nikiharakisha kunawa uso. Siku ile bidon iliposhinda nilikasirika, nikasahau kila kitu kingine hadi jioni. Maziwa yangenitia nguvu mwilini, sikatai. Lakini kumeza na kurudi kulala kungekuwa nini?

Ulipoandika nisimamishe, nilisimamisha. Nimetii. Sasa nanenepa, na asubuhi zimerudi kuwa ndefu.

Kwa hiyo nina ombi, na mimi si mwanafunzi, sina jury wala tarehe. Nitumie swali lingine. Liwe dogo, liwe la maharage maana ng'ombe hatuna, na liwe na uwezo wa kunikatalia.

Shangazi yako,
Mukasine